Kuchelewa au Kucheleweshwa: Foleni za Kura za Marekani katika Habari za Kiswahili

Kila Marekani inapopiga kura, habari za Kiswahili hurudia kauli iliyozoeleka: foleni ndefu zimeshuhudiwa. Kauli hiyo haina mtenda. Foleni hutajwa kana kwamba ni mvua iliyonyesha, ilhali Wamarekani wenyewe hubishana kuhusu aliyezirefusha.

Mfano wa Maricopa, Arizona, unatosha. Katika uchaguzi wa mchujo wa Machi 2016, vituo vya kupigia kura vilikuwa 60 tu, kutoka takriban 200 mwaka 2012, na baadhi ya wapigakura walisimama hadi usiku wa manane. Maofisa walitaja gharama na ongezeko la kura za posta. Wakosoaji walidai kwamba mitaa ya Walatino iliumizwa zaidi, wakakumbusha pia kwamba kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2013 katika shauri la Shelby, mabadiliko ya aina hiyo Arizona yalihitaji kibali cha serikali kuu chini ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965.

Mvutano huo wote unaweza kubebwa na viambishi vya kitenzi. “Walichelewa” humwachia mpigakura lawama. “Walicheleweshwa” huashiria mtenda, hata asipotajwa. “Walinyimwa” huongeza dhamira, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Utafiti mmoja uliotumia takwimu za simu za mkononi za uchaguzi wa 2016 ulikadiria kwamba wakazi wa maeneo ya watu Weusi walisubiri muda mrefu zaidi kwa asilimia 29 kuliko wa maeneo ya Wazungu. Matokeo hayo yanahalalisha “walicheleweshwa”. Peke yake hayathibitishi “walinyimwa”, neno ambalo watetezi wa haki huliwahi mno.

Ajabu ni kwamba Kiswahili si kigeni katika jambo hili. Nchini Kenya neno “mlolongo” lingali linauma tangu 1988, wapigakura walipopangwa nyuma ya wagombea na baadhi ya wenye mistari mifupi wakatangazwa washindi. Hakuna Mkenya wa rika hilo anayeuliza tu mstari ulikuwa na urefu gani. Huuliza nani aliuhesabu. Mwandishi yuyo huyo, akiripoti kutoka Arizona, huridhika na “zimeshuhudiwa”, wala hamtaji aliyefunga vituo.