Mganda Haupimwi kwa Alama

Mliokaa uwanjani kwenye tamasha la Majimaji Selebuka, Songea, mnajua zamu ya ngoma za asili inavyokwenda: kikundi kinaitwa, kinacheza, majaji wanaandika alama, kinatoka, kingine kinaitwa. Uamuzi huo wa kuzifanya ngoma mashindano ndio unaolipunguzia tamasha nguvu, na ukubwa wa zawadi hauwezi kuurekebisha. Tamasha limebeba jina la Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni pale Songea. 66 wakafukiwa katika kaburi moja, nduna Songea Mbano akazikwa peke yake, na fuvu lake bado linatafutwa. Asasi ya sanaa inayojitwisha jina la msiba wa namna hiyo imejitwisha pia kazi ya kupatanisha, na mpatanishi hawapangi wafiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Tazameni mganda, ngoma ya Mbinga na mwambao wa Nyasa. Ulikua kutokana na gwaride la askari na ngoma za beni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vita vilivyofika Liuli mapema kabisa, Agosti 1914, pale meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu. Watu waliotawaliwa kwa gwaride waliuchukua mwendo wake wakaufanya wao: safu zilizonyooka, hatua moja, ngoma kubwa, na vibuyu vilivyotobolewa tundu likazibwa kwa utando wa buibui, hata mtu akivumisha sauti yake humo inatoka na mkwaruzo wa tarumbeta. Mtu atasema mganda wenyewe ni mashindano tangu enzi za beni. Ni kweli, Terence Ranger alilieleza vizuri katika kitabu chake cha 1975. Lakini kijiji kilikialika kijiji. Wageni walilishwa, wakacheza kwa kupokezana na wenyeji wao, wakaondoka na deni la kualika. Ubishi wa nani mkali zaidi ulikwenda nao nyumbani, ukawaleta tena. Meza ya majaji inaufunga ubishi huo jioni ileile, na kila kikundi kinapanda gari lake bila kumjua jirani yake.

Na majirani hawa wana ya kuambiana. Kabla ya Mjerumani, Wangoni waliwavamia Wamatengo wakawabana milimani, kwenye miteremko ile inayolimwa kwa mashimo ya ngoro. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yale ya Wajerumani, na ilimpasa. Ya Mngoni na Mmatengo si yake kuyasemea. Hayo ni ya kwetu, na wenye chombo cha kuyafikia ni wachezaji, kwa sababu lizombe, ngoma ya Wangoni, na mganda zikipokezana uwanja mmoja usiku kucha, wazee wanakaa karibu na maneno yanatoka.

Wasanii waliotangulia walijua kwamba kazi ya sanaa ni kukutanisha, si kushindanisha. Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Vita vya Majimaji, Kinjeketile, mwaka 1969, hakutafuta kabila lililopigana vizuri kuliko jingine. Alichimba namna watu wasioaminiana walivyounganishwa na dawa ya maji, na gharama yake. Penina Mlama na Amandina Lihamba walipofanya kazi ya maigizo katika kijiji cha Malya mwaka 1982 na 1983, wanakijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayatia katika ngoma na maigizo, na baada ya kucheza wakakaa kuyajadili. Mjadala ule ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Najua jibu la waandaaji: bila zawadi vikundi havitakuja, na vijana wataziacha ngoma. Hoja hiyo ina uzito, maana kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni safari na mchezaji hali makofi. Basi fedha za washindi ziwe nauli, unga na maharage kwa wote. Vikundi vya Liuli mwambaoni na Litembo milimani vifike Songea siku mbili kabla ya 27 Februari, vilale majumbani mwa Wangoni, vicheze bila saa ya kuvikatisha. Mavuno yakishaingia, lizombe ishuke ziwani, na safari hiyo wanaopika wawe Wanyasa na Wamatengo.