Fundi Naye ni Mhakiki

Tumezoea kuamini kwamba mhakiki wa muziki ni mtu mwenye kalamu. Husikiliza, hutafakari, kisha huandika kwamba solo hili ni tamu na lile limechuja. Mimi kwa miaka mingi sikushika kalamu bali chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, nikitengeneza redio na vyombo vya bendi pale Kibiti, wala sikuwahi kujihesabu miongoni mwa wahakiki. Ni amplifaya moja ya gitaa, kutoka delta ya Rufiji, iliyonionyesha kwamba nilikwisha kutoa hukumu, tena hukumu mbovu, bila kuandika hata neno moja.

Ilikuwa mwaka 1998. Mzee mmoja mpiga gitaa aliisafirisha kwa mashua kupitia mikokoni hadi Nyamisati, kisha kwa gari kupitia Bungu mpaka kibandani kwangu. Ilikuwa ya Kiingereza, ya miaka ya 60, yenye valvu nne za nguvu aina ya EL84, wala ndani yake hamkuwa na transista hata moja. Ilivuma kama mzinga wa nyuki, na valvu mojawapo ilikuwa inageuka nyekundu kama kaa la moto.

Kasoro hizo mbili hazikunisumbua. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishanyooshwa, mabaki yake huvuma kwa mizunguko 100, na sikio lililozoea huutambua mvumo huo hata kabla ya kushika mita. Maana yake ni kwamba kapasita kubwa za kuchujia umeme zimekauka. Ile valvu nyekundu nayo ilikuwa inaonewa tu: kapasita ndogo iliyo nyuma yake ilikuwa imevuja, ikaruhusu umeme ambao kazi yake ilikuwa kuuzuia. Nilizibadilisha zote, nikafuta chumvi ya pwani kwenye soketi za valvu, na amplifaya ikatulia. Kwa kazi hiyo sijuti hata leo.

Laiti ningeishia hapo! Siku zile kinanda cha umeme kilikuwa kimeingia katika bendi zetu, na kila mpiga gitaa aliyekuja kwangu alitaka nguvu. Basi nikang'oa valvu ya kunyooshea umeme, nikaweka diodi. Umeme wa ndani ukapanda. Kisha nikaunganisha waya kutoka upande wa spika kurudi hatua za mwanzo, ili sehemu ya sauti irudi nyuma na kujisahihisha. Mikwaruzo ikapungua, sauti ikawa safi na imenyooka. Nilijiona bingwa.

Mzee alipiga kidogo, akasimamisha vidole.

"Fundi, sasa inapiga kelele sana," alisema, "lakini hainijibu."

"Utaizoea tu, mzee wangu," nikamwambia.

Hakuizoea. Baada ya mwaka mmoja au miwili nilipata habari kwamba ameacha kupiga, na ile amplifaya imefungiwa maikrofoni, inatangazia mikutano ya kijiji. Habari hiyo ilinichoma, kwa sababu kwa kazi ya mikutano ilifaa kabisa. Nilikuwa nimeigeuza chombo cha kusemea watu, na nilikuwa nimepokea fedha za mtu aliyetaka kuzungumza nacho.

Hebu tujiulize: amplifaya hujibuje? Valvu ya kunyooshea umeme haina pupa. Mpigaji akiugonga uzi kwa nguvu, valvu za mwisho zinadai umeme mwingi kwa ghafla, na ile ya kunyooshea haiwezi kuutoa wote papo hapo. Umeme unalegea kidogo, sauti inajikunja, kisha inachanua tena wakati noti ingali inaning'inia. Akiugusa uzi kwa upole, hayo hayatokei. Kwa hiyo mkono wa mpigaji unasikika si katika ukubwa wa sauti peke yake, bali katika umbo la kila noti. Diodi hazijui kulegea. Na ule waya wangu wa kurudisha sauti ulikuwa kama mwalimu anayesahihisha insha mpaka mwandiko wa mwanafunzi unapotea.

Jambo hili si dogo katika muziki wa dansi. Msikilize Mbaraka Mwinshehe alipokuwa na Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Solo lake halishindani kwa mbio. Linakariri sentensi fupi, kila mara kwa mguso tofauti kidogo, juu ya gitaa la ridhimu lisilochoka. Anayekariri bila kubadilisha mguso anachosha. Utamu wote umo katika tofauti hizo ndogo. Ukizinyoosha, umebaki na mtu anayesema neno lilelile mara ishirini.

Lakini hapa sina budi kujikosoa upande wa pili pia, maana wapenzi wa zamani tuna tabia ya kusifu kila kitu chenye kutu. Sauti ile tuliyoipenda hatukuipata moja kwa moja kutoka kwenye valvu. Bendi ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikaingia kwenye utepe, ikarushwa hewani, ikatoka katika kispika kidogo cha redio ya betri. Nani atathibitisha utamu uliingia wapi? Na bendi zilizosafiri kwenda kusini, enzi za kupanga foleni ya pantoni pale Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, zilipiga mahali pengi kwa jenereta ambayo umeme wake ulipanda na kushuka. Yawezekana baadhi ya "joto" tunalolililia lilikuwa jenereta kuishiwa pumzi.

Basi kazi ya mhakiki, mwenye kalamu au mwenye risasi, ni kutenganisha kasoro na tabia. Kasoro ni kile kinachomzuia mpigaji asisikike. Tabia ni ile namna ya chombo ambayo mpigaji amejifunza kusemea kupitia kwayo. Mvumo wa kapasita kavu ni kasoro, hata kama umedumu miaka thelathini. Kulegea kwa umeme ni tabia, hata kama kitabu cha ufundi kinakuita upungufu. Kosa langu la 1998 lilikuwa kuviweka vyote viwili katika kapu moja na kuviita ubovu.

Miaka mingi baadaye mjukuu wa yule mzee aliniletea ile amplifaya. Mzee alikuwa hai, vidole vimekuwa vigumu, na kijana ndiye aliyekuwa anajifunza. Niliichomoa kwenye umeme, nikazitoa chaji kapasita zake, kwa maana hubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa nje ya soketi, nazo zimewaua mafundi wenye haraka. Nikang'oa diodi, nikarudisha valvu ya kunyooshea. Sikurudisha kila kitu, hata hivyo. Waya wake wa asili wa umeme ulikuwa wa nyaya mbili, bila ya ardhi. Mwenye kuabudu uhalisi angeudai. Mimi niliuacha ule wa nyaya tatu, kwa kuwa mpiga gitaa anayerushwa na umeme kwenye maikrofoni hana tabia yoyote ya kulinda.

Ulibaki ule waya wa kusahihisha. Nilikuwa nimeshaushika kwa koleo nikate, kijana akanizuia.

"Samahani, baba. Mimi ule usafi wake naupenda."

Nilitaka kumwambia kwamba sikio lake litazoea. Nikakumbuka niliyemwambia neno hilo kwanza. Nikafunga swichi ndogo nyuma ya kasha: upande huu waya unafanya kazi, upande ule haufanyi. Babu yake atachagua, na yeye atachagua.

Kisha nikafanya jambo ambalo katika maisha yangu ya ufundi sikuwahi kulifanya. Nilichukua karatasi, nikaandika kila nilichoondoa, kila nilichoweka, mwaka gani na kwa sababu gani, pamoja na yale niliyoyaharibu mwenyewe. Nikaibandika ndani ya kasha, mbali na joto la valvu. Fundi atakayelifungua baada yangu huenda asikubaliane nami, lakini ataona nilipogusa, na akitaka ataweza kurudisha. Mzee aliletewa habari hiyo, akauliza kama karatasi inasema kwamba yeye ndiye aliyeisikia kasoro kwanza. Haikusema. Ilibidi nimwombe kijana alifungue tena lile kasha, niongeze mstari mmoja.