Ligombo, Santuri na Historia ya Muziki wa Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wahehe wa Iringa, na ligombo miongoni mwazo: ubao uliochimbwa kama kihori, uzi mmoja ukipitishwa juu yake mara nyingi. Kazi hiyo yastahili shukrani. Walakini, katika santuri zake kila wimbo umeandikiwa kabila na ala. Utaratibu huu wamfaa mpiga ligombo, lakini hauitoshi historia. Miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Mbeya, yalikusanya vibarua wa makabila mengi. Nyimbo zao tuziandike chini ya jina lipi? Mtafiti aulizaye kabila tu, asiulize njia ambayo wimbo umepitia, huihifadhi sauti akaipoteza historia.