Nasaba na Mlango wa Bibi: Historia, Tawasifu na Riwaya katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Ni desturi katika idara nyingi za fasihi kusoma riwaya peke yake na kuwaachia wanahistoria vitabu vya historia, ilhali tawasifu hubaki katikati bila mwenyewe. Mgawanyo huu hauwafai waandishi wa Kisumu na mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kwani huko aina hizi tatu zimekulia katika boma moja, na mara nyingine katika nyumba moja. Mwaka 1966 Grace Ogot alichapisha riwaya ya The Promised Land. Mwaka uliofuata mumewe, Bethwell A. Ogot, alichapisha History of the Southern Luo. Baadaye wote wawili waliandika tawasifu: mume My Footprints on the Sands of Time (2003), na mke Days of My Life (2012), miaka mitatu kabla ya kufariki kwake. Msomaji anayepitia maandishi ya mwambao huu kwa mfululizo hana budi kujiuliza iwapo yanasimulia jambo lilelile kwa njia tofauti, ama kila aina ina mambo ambayo nyingine haziwezi kuyajua.

Historia ya B. A. Ogot inahusu uhamiaji na makazi ya Waluo kati ya mwaka 1500 na 1900. Iliandikwa wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo hati hapana historia. Mwandishi alikusanya mapokeo simulizi ya koo, akalinganisha nasaba, na kukadiria tarehe kwa kuhesabu vizazi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa kitaaluma. Hata hivyo, chombo hicho kina mipaka yake. Nasaba huhesabiwa kwa baba. Mke huingia katika ukoo akitoka kwingine, na aghalabu jina lake hukumbukwa pale tu linapohitajika kutenganisha nyumba moja na nyingine. Hili si kosa la mwanahistoria, bali ni tabia ya ushahidi wenyewe. Ukoo unapohama, nasaba hutaja aliyeongoza safari na aliyezaliwa baada yake. Haitaji aliyefunga mizigo bila kutaka kuondoka.

Hapo ndipo The Promised Land inapoanzia. Ochola anavutiwa na habari za utajiri wa Tanganyika, na Nyapol, mkewe, anamfuata ng'ambo ya ziwa kwa shingo upande. Wanapata mali, kisha Ochola anashikwa na ugonjwa wa ngozi unaomwotesha vitu kama miiba, na baada ya kutibiwa wanalazimika kurudi nyumbani na kuacha karibu kila kitu. Uhamiaji ambao katika historia ni jambo la ukoo na vizazi, hapa ni ugomvi wa mume na mke, na gharama yake inapimwa kwa mwili. Lakini riwaya nayo ina upofu wake. Maafa yanatokana na husuda ya jirani mganga, hivi kwamba nchi ya ugenini huonekana zaidi kupitia hofu ya mhamiaji. Historia ya Ogot inausahihisha mtazamo huo, kwa kuwa inaonyesha kwamba Waluo wenyewe walifika mwambaoni wakiwa wageni, wakachanganyika na jamii za Kibantu walizozikuta. Kwa hiyo mke na mume hawakubaliani tu, bali pia wanasahihishana.

Margaret Ogola, katika The River and the Source (1994), alikwenda mbali zaidi kwa kupanga vizazi kufuata wanawake. Akoko anaposafiri kwa mtumbwi hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake mbele ya serikali ya kikoloni, nasaba imegeuzwa: anayebeba ukoo ni yule ambaye hesabu ya kawaida ingemwacha nje. David William Cohen ameeleza nafasi ya pim, bibi mzee aliyelea watoto na kuwafundisha katika siwindhe. Yamkini riwaya ya Ogola ndiyo mrithi wa mlango huo wa bibi. Ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta na kusomwa sana katika shule za sekondari, na hapo ndipo penye hatari, kwani wanafunzi huisoma kana kwamba ni kumbukumbu. Udhaifu wake ni kwamba vizazi vya mwisho husimuliwa kwa haraka, na mafanikio ya elimu hujibu maswali ambayo Akoko aliyauliza kwa uchungu.

Tawasifu ina deni la aina nyingine. Not Yet Uhuru ya Oginga Odinga (1967) ilihaririwa kwa msaada wa Ruth First, na dibaji yake ikaandikwa na Kwame Nkrumah. Nafsi ya kwanza hapo si sauti ya mtu mmoja tu. Sura za utoto na za biashara ya Luo Thrift zina uhai kuliko zile za migogoro ya vyama. Lakini thamani yake kubwa haikukusudiwa na mwandishi. Tarehe 25 Oktoba 1969, wakati wa ufunguzi wa hospitali mjini Kisumu, walinzi wa Rais Kenyatta walifyatulia umati risasi. Odinga akawekwa kizuizini na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Kitabu hakijui hayo. Tumaini lililomo ndani yake halijapunguzwa na mwisho, jambo ambalo tawasifu iliyoandikwa uzeeni, kama ile ya Ogot, haiwezi kulipata tena.

Inafuata kwamba mhakiki asiichukulie riwaya kama ushahidi wa kujaza mapengo ya historia, wala historia kama usuli wa riwaya. Zisomwe pamoja, kila moja ikiulizwa inawajibika kwa nani. Kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa wahakiki wa Kiswahili. Miaha ya Grace Ogot (1983) iliandikwa kwa Kijaluo, na Okoth Okombo akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989. Nyingi ya hizo nyingine zilizaliwa katika Kiingereza. Darasa linalojadili mwambao huu kwa Kiswahili huanza, kwa hiyo, na kazi ya tafsiri, na ni vyema kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya uhakiki.