"Issue" si tatizo tu: neno moja la Kiingereza na kinachotoka ndani yake

Ndugu zangu wasomi wa Lubarika na wa bonde lote la Ruzizi, leo tuchambue neno moja la Kiingereza: issue. Ni neno fupi lakini liko kila mahali: kwenye tangazo la kazi, kwenye paspoti, kwenye ripoti za ONG, hata midomoni mwa vijana wanaosema "hakuna ishu". Wengi wetu tulilipata kwa mstari mmoja tu ndani ya daftari: issue, tatizo. Basi. Mimi nasema mstari ule ni mbaya. Si kwamba ni uongo. Ni kipande kidogo cha ukweli kinachojifanya ukweli wote.

Na jambo hili si la kujifurahisha tu. Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kimekaribia mlangoni. Mtu anamaliza lisansi Uvira ao Bukavu, kesho anatuma dosye yake Kampala ao Nairobi. Kule hawatamuuliza kama anajua maneno magumu. Maneno magumu yako na maana moja, unayatafuta, unayapata, imekwisha. Yanayotuangusha ni maneno mepesi, yale tunayodhani tunayajua.

Tuupime mstari wa daftari. Kwenye paspoti kuko "date of issue". Je, ni tarehe ya tatizo? Hapana, ni tarehe ambayo kitabu kilitolewa. Gazeti la chuo linaandika "the latest issue". Je, ni tatizo la mwisho? Hapana, ni toleo jipya. Ofisi inaandika "we will issue cards on Monday". Pale neno limegeuka kitenzi: watatoa karte siku ya kwanza. Na mwenye ndugu zake katika nchi za Kiingereza anaweza kukutana siku moja na karatasi ya urithi iliyoandikwa kwamba marehemu "died without issue". Ukisoma kwa daftari letu, utafurahi: kumbe mzee alikufa bila matatizo! Lakini karatasi inasema alikufa bila kuacha mtoto. Na kama mtoto yupo, na wewe ulisaini kwamba ulisoma na ulielewa, umemfuta mtoto wa ndugu yako kwa kalamu yako mwenyewe.

Toleo, mtoto, tarehe ya karte, tatizo: ni kitu gani kinachounganisha mambo haya? Jibu liko katika mzizi. Neno issue lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, na kile kililipata kutoka kitenzi cha Kilatini exire, maana yake kutoka nje. Ndiyo baba wa neno exit pia. Shika hilo moja tu, kutoka, utaona milango inafunguka. Toleo ni kile kilichotoka mtamboni. Karte iliyo "issued" ni iliyotoka ofisini. Mtoto ni aliyetoka katika mwili wa wazazi. Na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno hili kwa yule mwanamke aliyeumwa miaka 12. Sisi tunasema alitokwa na damu. Angalieni vizuri: ni kitenzi kilekile, toka! Biblia ileile, katika Mathayo 22, kwenye habari ya wale ndugu saba waliomwoa mwanamke mmoja, inatumia issue kwa maana ya mtoto.

Sasa, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na mtego wetu wa pekee. Tunaliona neno, tunasema: ah, hili nalijua, ni la kwetu. Kifaransa cha leo bado kinalo. "Issue de secours" ni mlango wa kutokea wakati wa hatari. "Voie sans issue" ni njia isiyopita. "À l'issue de la réunion", ambayo makatibu wetu wanaipenda sana kwenye prosè-verbal, ni mwisho wa mkutano. Kifaransa kilibaki karibu na mlango, Kiingereza kikatoka na kuenda mbali. Mwenye kusoma "the issue of the meeting" kwa macho ya Kifaransa ataelewa mwisho wa mkutano, kumbe mara nyingi mwandishi anataka kusema jambo lililojadiliwa mle. Na kitenzi "to issue", kutoa, Mfaransa wa leo hana cha kukilinganisha nacho kwa sura. Anasema "délivrer".

Watoto wa neno hili nao wajulikane. Issuer ni mtoaji. Issuance ni utoaji. Reissue ni kutoa upya. "To take issue with" mtu si kumletea tatizo, ni kupinga anachosema. "At issue" ni kile kinachobishaniwa. Lakini tissue si ndugu yao, hata kama nyuso zinafanana. Ile inatoka kwenye kazi ya kufuma nguo.

Hapa ndipo ninapowalaumu wanaotufundisha maneno kwa orodha. Wanatuonyesha Kiingereza kama ukuta, na kumbe ufunguo tuko nao nyumbani. Kiswahili chetu kina toka na toa, ndugu wa tumbo moja, na ukoo wao ni mpana kuliko wa issue: tokea, tokeza, tokana, tolewa, tokeo, matokeo, mtoaji, utoaji, toleo, matoleo. Egzamen d'État ina matokeo. Gazeti lina toleo. Na ukisema "matoleo" katika kanisa zetu, watu wanatia mkono mfukoni, maana ni sadaka. Hakuna aliyetufundisha maana hizi kwa orodha. Tulijua mzizi, na matawi tukayafuata. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapwa mwaka 1939, aliweka maneno mengi chini ya kitenzi chake mama, mtoto karibu na mzazi. Unapotafuta moja unakutana na familia yote. Mwalimu wa Kiingereza wa secondaire angeweza kufanya vile ubaoni, kwa chaki tu, bila kungoja vitabu kutoka mbali.

Lakini lawama kubwa zaidi ninaiweka kwetu sisi wenyewe, kwa ile maana moja tuliyoichukua na namna tunavyoitumia.

Maana ya "tatizo" ilitoka wapi? Ilipita mahakamani. Katika kesi za Uingereza za zamani, pande mbili zilijibizana mpaka zifike kwenye nukta moja ambapo huyu anasema ndiyo na yule anasema hapana. Nukta ile, iliyotoka mwisho wa majibizano, ndiyo iliitwa issue. Ilikuwa kitu chembamba kabisa: je, ng'ombe huyu aliingia katika shamba hili, ndiyo ao hapana? Mwamuzi alijua ni nini anachoamua.

Leo neno lilelile limekuwa kapu. Soma ripoti za Kiingereza zinazoandikwa juu ya bonde letu: land issues, security issues, community issues. Kisha tunarudi kwenye mikutano yetu na tunasema kwa Kiswahili: "ishu ya mashamba", "ishu ya usalama". Kila mtu anatikisa kichwa. Lakini ni shamba la nani? Nani alilima kwanza, nani alichunga juu ya mihogo ya mwenzake, nani alifunga mfereji wa maji ya mpunga, karatasi ilisainiwa na nani? Ishu haiulizi. Inakaa tu, kama ukungu: haina mwenyewe, haina tarehe, haina pa kuanzia. Mtu aliyepoteza mazao yake ya msimu mzima hana ishu. Ana hasara, na hasara ile imetokana na kitu.

Kuko watakaosema: lakini neno la ukungu lina faida yake. Na wana haki. Wazee wetu nao, wakitaka kuketisha watu wenye hasira, hawaanzi kwa kumtaja mkosaji. Wanasema "kuna neno hapa", "kuna shauri". Hiyo ni hekima, inawapa watu nafasi ya kukaa. Lakini mzee anafungua kwa "kuna neno" ili baadaye alitoe neno lenyewe. Hafungi kikao kwa "kuna neno". Sisi tunafungua kwa ishu na tunafunga kwa ishu, na ripoti inatumwa.

Basi pendekezo langu ni dogo. Ukikutana na issue ndani ya maandishi ya Kiingereza, usikimbilie tatizo. Jiuliza: ni nini kinachotoka, na kinatoka wapi? Kama ni karte, toleo, mtoto ao damu, jibu litakuja lenyewe. Na ukitaka kuandika ishu kwa Kiswahili, jiulize swali lilelile kabla ya kuandika: imetokana na nini? Kama una jibu, andika jibu, acha ishu. Kama huna jibu, bado kazi ya msomi haijaanza.