Ndizi Ndani ya Glasi

Chupa ilikuwa inapoa ndani ya ndoo ya maji ya chemchemi, nje ya jiko la misioni ya Fataki. Ni kabla ya Desemba 2017, vita haijarudi Djugu, na zile kilomita zipatazo 80 kutoka Bunia tuliziogopa kwa matope tu. Padri aliyetoka masomoni Lyon alikuwa ameibeba divai hiyo ya Beaujolais sandukuni, kaiviringisha ndani ya sweta. Sisi wengine divai tuliijua ya altareni, ambayo sheria ya Kanisa inataka itokane na zabibu na isiwe imeharibika. Ladha yake hakuna aliyewahi kuijadili.

Nusu saa ilitosha. Divai ya namna hii inapendeza kwenye nyuzi 12 hadi 14 hivi, na jioni za Fataki, watu wakiwa wamejifunika makoti, nusu ya kazi hufanywa na baridi yenyewe.

Padri akamimina robo ya glasi, akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe. Katikati ilikuwa nyekundu kama rozela iliyochemshwa, lakini ukingoni, pale inapobaki nyembamba kama ukucha, ilikuwa zambarau. Divai ikizeeka ukingo huo hugeuka rangi ya tofali. Kwa hiyo kabla hujaonja umeshajua umri wake. Akaizungusha mara mbili, akatia pua ndani, akafumba macho. Kisha glasi ikamfikia mama mmoja mpika pombe ya ndizi, ambaye kwa kweli alikuwa amekuja kudai ndoo yake.

Mama hakuzungusha chochote. Alinusa.

"Padri, humu mulitia ndizi?"

Tulicheka. Padri hakucheka. Alituambia kwamba zabibu hiyo inaitwa Gamay, na kwamba vichala huingizwa vizima ndani ya pipa kubwa lililofungwa, likajaa hewa ya kaboni dayoksaidi, hata uchachu ukaanzia ndani ya tunda lenyewe, ganda likiwa bado halijapasuka. Kwa njia hiyo maganda hayapati muda wa kutoa ukali wao mwingi, na harufu za ujana hubaki. Mojawapo wanakemia huiita isoamili asetati, na ndiyo hiyohiyo inayonukia katika ndizi mbivu. Wajuzi wengi wa Ulaya huitaja ndizi hiyo kwa dharau, kama alama ya divai iliyotengenezwa haraka haraka. Mama wa Fataki aliitaja kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Kwangu mimi, mwonjaji bora pale mezani alikuwa yeye. Mtu anayejua kwa pua siku ambayo ndizi zilizofukiwa shimoni zimeiva hahitaji kukariri cheri na rasiberi ambazo hajawahi kuzila. Nilipokunywa, nikavuta hewa kidogo mdomoni kama nilivyoelekezwa (nikapaliwa, mara ya kwanza), nilikuta uchachu wa marakuja, na nyuma yake ukakasi mdogo sana, kama wa pera lililokosa siku moja kuiva. Halafu ikapita. Haikulemea ulimi wala haikuchoma. Anayetaka kuchomwa koo, pombe kali ya kaikpo ipo.

Gamay imezoea kusemwa vibaya. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe katika nchi yake. Ikastawi kusini zaidi, kwenye vilima vya matale vya Beaujolais, na hadi leo neno "nyepesi" hutamkwa juu yake kama tusi. Mimi naona wepesi ndio mgumu kuutengeneza. Divai nzito yaweza kusitiriwa na pipa la mwaloni na miaka 20 ya kungoja. Hii, uzembe wa siku moja utausikia puani. Mpika pombe ya ndizi analijua hilo vizuri: mtumbwi wa kukamulia usiposuguliwa, wanywaji watajua kabla hawajaketi.

Wafaransa wana sikukuu kwa ajili ya ile changa kabisa. Tangu 1985, Beaujolais mpya hufunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Padri alipolieleza hilo, mama aliuliza wiki chache ni ngapi. Akajibiwa, akatikisa kichwa. Kwake yeye, kinywaji cha siku ya nne ni kizee tayari.

Aliondoka na ndoo yake, na chupa tupu juu. Jumamosi chupa ikarudi imejaa pombe yake, imezibwa kwa jani la mgomba. Padri akatafuta glasi ileile, akamimina robo, akaiinamisha juu ya kitambaa, akazungusha, akanusa, akanywa, akavuta hewa. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, mtama uliotia katika pombe safari hii uliungua kidogo."

Mama akamtazama kwa muda.

"Moto ulikuwa mukali," akasema, "na ni mutoto alikuwa anauangalia."