Rula, silabusi na ngazi ya mwisho ya lithiamu

Wandugu, siku hizi huku Likasi ukitaja lithiamu, mazungumzo yanakimbia moja kwa moja Manono: nani atachimba, nani atauza, batri za magari. Ni haki yetu kuongea hivyo. Lakini leo naleta makala ya lithiamu isiyo na tani hata moja ndani, pamoja na lawama kwa silabusi iliyonichelewesha kuielewa.

Makala ni ya Abraham, McAlexander, Sackett na Hulet wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas. Ilitoka 1995 katika Physical Review Letters. Walitaka kujua kitu kimoja: atomi mbili za lithiamu-7 zenye spini za upande mmoja zinashikana vipi pale ambapo karibu ziachane. Shimo lao la nishati lina kina cha gigahezi kama 10 000, na ndani mna ngazi 11 tu za mtetemo, kuanzia 0 hadi 10. Ile ya 10 iko gigahezi 12,47 chini ya ukingo. Fikiria kisima cha mita kumi, na mtu amekaa sentimita moja na kitu chini ya mdomo wake. Leza ya kwanza inazikamata atomi mbili zinapokutana na kuzifanya molekuli iliyochangamka, leza ya pili inaifunga na ngazi ile ya juu. Tofauti ya masafa ya leza hizo mbili njo jibu lenyewe.

Sasa silabusi. Siitaji ni ya wapi, wengi tumesoma zinazofanana. Inafundisha njia ya Birge na Sponer ya 1926: pima nafasi kati ya ngazi na ngazi, chora, weka rula, vuta mstari hadi sifuri, basi umepata nishati ya kuachana. Niliuliza kama ule mstari unanyooka kweli mpaka mwisho. Nikajibiwa: "Andika kama ilivyo." Nikaandika, nikapata pointi zangu, na sikuelewa kitu.

Kumbe haunyooki. Karibu na ukingo atomi ziko mbali, zinavutana tu kwa ile nguvu dhaifu ya van der Waals, ambayo nishati yake inapungua kwa umbali ukizidishwa wenyewe mara sita. Le Roy na Bernstein walionyesha mwaka 1970 kwamba hapo kina cha ngazi kinafuata mchemraba: hesabu ngazi imebakiza kiasi gani kufika ukingoni, kisha zidisha hicho kiasi chenyewe mara tatu. Maana yake rula inagusa sifuri mapema, na ngazi za juu kabisa zinabaki nje ya mchoro. Ile iliyopimwa Rice ingepotea. Miaka zaidi ya hamsini fomula ipo, na silabusi bado iko na rula.

Lakini sikutaka kuiabudu fomula nayo. Mwaka 1997 kundi lile la Rice, pamoja na Côté na Dalgarno, lilitoa kipimo cha lithiamu-6: ngazi ya 9 iko gigahezi 24,43 chini ya ukingo. Isotopu mbili, shimo lile lile, masi tu ndiyo tofauti. Kizidishio ni kipeuo cha pili cha uwiano wa masi: 0,926. Nilikaa usiku mmoja bila umeme na mashine ya kuhesabu ya simu. Vipimo viwili, visivyojulikana viwili. Kwa lithiamu-7 ukingo unaangukia 10,96, na kwa lithiamu-6 unaangukia 10,11.

Hapo nikashtuka. Kama ukingo umepita 10, basi lithiamu-6 ingekuwa na ngazi ya 10, hata kama imening'inia kwa uzi. Na haiko! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kosa lilikuwa la fomula: juu kabisa, ile nusu tuliyozoea kuongeza kwenye namba ya ngazi haitoshi tena. Gribakin na Flambaum walirekebisha 1993: ngazi mpya inazaliwa ukingo ukifika namba kamili na 1/8, yaani 10,125. Lithiamu-6 imekosa ngazi kwa chini ya 0,02. Ndiyo maana urefu wake wa mtawanyiko ni mkubwa hivyo, zaidi ya 2000 kwa kipimo cha Bohr, tena hasi, wakati ule wa lithiamu-7 ni −27 tu. Nyutroni moja tu imefanya hayo yote.

Makala ya 1995 nailaumu kwa jambo moja. Inaruka kutoka 12,47 hadi −27 kwa hesabu ambayo msomaji wa kalamu na karatasi hawezi kuirudia, utafikiri kila mtu ana kompyuta ya maabara pembeni. Wangeongeza aya moja tu ya makadirio ya mkono. Mimi kwa simu, na sahihisho la Gribakin na Flambaum, nimepata karibu −22. Alama ni sawa, ukubwa umepungua tano. Kwa lithiamu-6 nimepata hasi pia, lakini karibu −500, mbali sana. Pale ukingoni, elfu chache za mwisho za hesabu zinageuza kila kitu, na simu yangu haifiki huko.